Baada ya Vidole, Kabla ya Sindano

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza tiba asilia ya Kichina nilikuwa na daftari lenye safu mbili. Upande wa kushoto niliandika aina za mapigo ya mshipa, na upande wa kulia nukta za kuchoma sindano: mpigo wa uzi uliokazwa, Taichong, mpigo wa mtelezo, Fenglong, mpigo mwembamba, Zusanli. Nililitunza daftari lile kwa imani kubwa, kwa sababu lilinifanya niamini kwamba pengo lililopo baina ya kugusa mkono wa mgonjwa na kushika sindano huzibwa kwa kukariri. Mwalimu wangu alipoliona hakunikaripia. Aliniuliza tu kama wagonjwa wawili wenye mpigo wa uzi uliokazwa, mmoja akiwa na nguvu zinazofurika na mwingine amechoka hadi mifupani, wanastahili sindano ileile. Sikuwa na jibu. Nimeamua kuliandikia swali hilo kwa sababu naona wengi wanaoanza kujifunza akupancha wakipita njia ileile ya safu mbili, na njia hiyo huwapotezea muda ambao wangeutumia kujifunza kugusa.

Kwanza ni vyema kueleza kinachoguswa. Tabibu huweka vidole vitatu juu ya ateri inayopita upande wa kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono. Kidole cha kati hutangulia, nacho hukaa mkabala na kinundu cha mfupa kinachochomoza mahali hapo. Nafasi hiyo huitwa guan. Kidole cha shahada hufuata kuelekea kiganjani, kwenye nafasi ya cun, na kidole cha pete hukaa upande wa kiwiko, kwenye nafasi ya chi. Katika mkono wa kushoto nafasi hizo tatu husomwa kama moyo, ini na figo, na katika mkono wa kulia kama mapafu, wengu, na upande wa figo unaohusishwa na lango la uhai. Kila nafasi huguswa kwa uzito wa aina tatu: kwa wepesi, kwa kiasi, na kwa kukandamiza karibu na mfupa. Nafasi tatu mara vina vitatu ni usomaji tisa kwa kila mkono, na mwanafunzi anayeanza husikia kitu kimoja tu: dunda, dunda, dunda.

Mapigo hayakusomwa mkononi peke yake tangu mwanzo. Katika Suwen, sehemu ya kwanza ya Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha msingi cha tiba ya Kichina, kuna maelezo ya kupima mishipa katika sehemu tisa za mwili, kichwani, mikononi na miguuni. Ni Nanjing, kitabu cha maswali 81 kilichoandikwa baadaye katika zama za nasaba ya Han, kilichofungua swali lake la kwanza kwa kuuliza kwa nini mkono peke yake utoshe, kisha kikajibu kwamba mahali pale pa mkononi ndipo mishipa yote inapokutana, kwa kuwa ni mshipa wa mkondo wa mapafu, yaani njia ambayo nguvu ya mapafu hupitia mwilini. Si kila mtu aliridhika. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa zama hizo hizo, aliwalalamikia matabibu wa wakati wake wanaogusa cun wasifike chi, wanaoshika mkono wasishike mguu. Lalamiko hilo nalichukulia kwa uzito hadi leo. Kwa mgonjwa aliyedhoofika sana, ninapokuwa na shaka na kinachosikika mkononi, hugusa pia mshipa ulio juu ya unyayo, mahali penye nukta ya Chongyang, na mara nyingi mguu hunieleza kwa uwazi zaidi kiasi cha nguvu kilichobaki.

Jibu lile la Nanjing lina jambo jingine linalonivutia. Mahali tunapogusa nafasi ya cun ndipo ilipo nukta ya Taiyuan, ambayo katika elimu ya sindano huitwa nukta ya mkutano wa mishipa. Kwa hiyo mahali pa kusomea na mahali pa kutibia ni palepale. Umbali baina ya utambuzi na tiba, ukipimwa juu ya ngozi, haupo kabisa.

Majina ya mapigo ndiyo yanayowatisha wanafunzi. Tabibu Wang Shuhe, katika Maijing, kitabu cha mapigo cha karne ya 3, aliorodhesha aina 24. Tabibu Li Shizhen, katika kitabu chake kifupi cha mwaka 1564, alieleza 27. Vitabu vya mafunzo vya leo kwa kawaida hutaja 28. Wang Shuhe mwenyewe alikiri katika dibaji yake kwamba mapigo ni rahisi kuelewa moyoni ilhali ni magumu kubainika chini ya vidole, na sijasoma sentensi iliyo ya kweli zaidi katika fani hii. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuyaacha majina 28 kando kwa muda na kujizoeza kuuliza maswali machache kwa kila mshipa: uko juu au umezama? Una kasi gani? Una nguvu au hauna? Ni mpana au mwembamba? Unapita kwa ulaini au kwa kukwaruza? Umekaza au umelegea? Mwendo wake ni sawa, au unaruka? Karibu majina yote ni mchanganyiko wa majibu ya maswali hayo, na mtu anayeweza kuyajibu kwa uaminifu ana kitu cha kufanyia kazi hata kama hajui jina linalohusika.

Swali la kasi lina utaratibu wake wa kale unaonifurahisha sana. Mshipa haukupimwa kwa saa bali kwa pumzi ya tabibu mwenyewe: mapigo 4 hadi 5 katika pumzi moja, yaani kuvuta na kutoa, ndiyo hali ya kawaida, pungufu ya 4 ni mpigo wa polepole, na zaidi ya 5 ni mpigo wa haraka. Utaratibu huo una sharti ambalo halikuandikwa kwa bahati. Tabibu aliyetoka kupanda ngazi, au aliye na hasira, au anayewaza mgonjwa anayesubiri nje, atapata hesabu ya uongo, kwa sababu kipimo ni yeye mwenyewe. Kabla ya kumpima mwingine analazimika kujituliza. Siku hizi nina saa, na ninapotaka idadi kamili naitumia; lakini bado huanza kwa pumzi, kwa kuwa dakika ile ya kutulia hubadilisha kinachosikika chini ya vidole.

Tamathali za kale nazo husaidia kuliko tafsiri kavu. Mpigo unaoelea hufananishwa na ubao juu ya maji, unaozama ukiukandamiza na kurudi juu ukiuachia. Mpigo wa mtelezo ni lulu zinazobiringika juu ya sahani. Huhusishwa na balghamu, na pia husikika kwa mjamzito mwenye afya njema. Mpigo wa mkwaruzo ni kisu chepesi kinachokwangua mwanzi, unaokwenda kwa kusitasita, nao huhusishwa na damu iliyopungua au iliyokwama. Mpigo wa uzi uliokazwa hunyooka chini ya vidole vyote vitatu kama uzi wa ala ya muziki. Ni mpigo wa ini na wa maumivu, na katika majira ya machipuko huhesabiwa kuwa wa kawaida ukiwa na ulaini ndani yake. Tanbihi hiyo ya mwisho daftari langu halikuwa nayo: mpigo uleule huwa ugonjwa au huwa majira, kutegemea kilichomo ndani yake.

Nieleze sasa kosa lililonifundisha. Alikuja mwanamke mwenye maumivu ya kichwa pande za mapaji, usingizi wa mang'amung'amu, na kizunguzungu cha hapa na pale. Mshipa wake kwenye guan ya kushoto ulikaza kama uzi, nami nilishangilia moyoni kwa kuutambua haraka. Nilichoma Taichong miguuni na Hegu mikononi, jozi ambayo Wachina huiita milango minne, nikaongeza Fengchi chini ya kisogo na Taiyang kwenye mapanja, na zote nikazisukasuka kwa mtindo wa kupunguza nguvu iliyojaa. Jioni ile kichwa kilipoa. Siku mbili zilizofuata alishindwa kusimama kwa muda mrefu bila kizunguzungu, na alisema anahisi kama mtu aliyetoka kuharisha. Aliporudi, mwalimu alimgusa, akaniita, akaniambia niache guan na niende moja kwa moja kwenye chi, mikono yote miwili, hadi mfupani. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na uzi mwembamba uliokuwa ukikatika kila nilipokandamiza. Ule ukazaji wa juu nilioupigia makofi ulikuwa wa mti ambao mizizi yake imekosa maji.

Hapo ndipo nilipoelewa nafasi halisi ya mshipa katika uchaguzi wa nukta. Mshipa haukuambii choma wapi. Hujibu maswali mawili yanayotangulia hilo: mvutano uko katika kina gani, na je, panapohusika pamejaa au pamepungukiwa. Majibu hayo huungana na ulimi, rangi ya uso, usingizi, haja, na maelezo ya mgonjwa mwenyewe; kwa pamoja huunda picha ya hali, na ni picha hiyo, si mpigo mmoja, inayoita nukta. Lingshu, sehemu ya pili ya Huangdi Neijing, huagiza kwamba kila anayetaka kutumia sindano ni lazima kwanza apime mshipa, aone qi, yaani nguvu ya uhai, iko katika hali gani, ndipo atibu. Agizo hilo linahusu kupima nguvu iliyopo kabla ya kuitikisa, na mimi nilikuwa nimelisoma kana kwamba linahusu kutafuta anwani.

Nanjing, katika swali lake la 69, hutoa kanuni iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa uchaguzi wa nukta kwa wengi: palipopungukiwa tia nguvu kwa mama, palipojaa punguza kwa mtoto. Ili kuielewa ni lazima kujua kwamba katika kila mkondo mkuu, baina ya ncha za vidole na kiwiko au goti, kuna nukta tano zilizopewa majina ya maji yanayotiririka: kisima, chemchemi, kijito, mto na bahari. Nukta hizo huhusishwa na awamu tano, na katika mikondo ya yin (mikondo hugawanywa makundi mawili, yin na yang) mpangilio huanza na mti, ukafuata moto, udongo, madini na maji; kila awamu huhesabiwa kuwa mama wa inayofuata, na maji ni mama wa mti. Katika mikondo ya yang huanza na madini. Mapafu ni madini. Mama wa madini ni udongo, kwa hiyo mapafu yaliyopungukiwa hutiwa nguvu kwenye Taiyuan, nukta ya udongo; mtoto wa madini ni maji, kwa hiyo mapafu yaliyojaa hupunguzwa kwenye Chize, nukta ya maji iliyo kwenye mkunjo wa kiwiko. Ini ni mti: likijaa hupunguzwa kwenye Xingjian, nukta ya moto, na likipungukiwa hutiwa nguvu kwenye Ququan, nukta ya maji iliyo upande wa ndani wa goti.

Soma tena mfano wa ini ukimkumbuka yule mgonjwa. Mkondo ni mmoja na malalamiko ni yaleyale, lakini upo mguu unaochomwa karibu na vidole na upo unaochomwa gotini, na kinachoamua baina ya hivyo viwili ni kile kidole cha pete kilichokandamiza hadi mfupani. Jedwali la safu mbili haliwezi kubeba uamuzi wa namna hiyo, kwa sababu halina safu ya kina.

Kanuni ya mama na mtoto si mlango pekee. Zipo nukta za chanzo, ambazo hugusa kiungo chenyewe kwa upole na ambazo mimi huziendea mshipa unapokuwa dhaifu na sina uhakika wa mengine. Zipo nukta za mpasuko, zinazotumika zaidi kwa maumivu makali ya ghafla. Zipo za mgongoni na za mbele ya kiwiliwili zinazolingana na kila kiungo. Nitakuwa mkweli kuhusu mpaka mmoja: kwa maumivu ya mahali, kama bega lililokaza au goti lililovimba, mshipa husema machache sana kuhusu sindano za pale panapouma. Hapo kinachofaa ni kidole gumba cha tabibu kinachobonyeza na kutafuta. Sun Simiao, tabibu wa zama za Tang katika karne ya 7, alizieleza nukta zisizo na mahali maalumu ambazo hutambuliwa kwa mgonjwa kuguta akibonyezwa kwamba ni hapo hapo, na jina la Kichina la nukta hizo limetokana na mguto huo. Nimewaona wanafunzi wakizunguka na nadharia ya awamu tano kwa nusu saa huku mgonjwa akiwa ameshika kwa mkono wake mwenyewe mahali panapohitaji sindano.

Baada ya kuchagua nukta kuna kupata mahali pake hasa. Vipimo vya tiba hii huchukuliwa kwenye mwili wa mgonjwa: upana wa kidole gumba chake ni cun moja (hapa cun ni kipimo cha urefu, si ile nafasi ya mpigo), na vidole vyake vinne vikishikana ni cun tatu. Zusanli iko cun tatu chini ya kishimo kilicho upande wa nje wa pia ya goti, upana wa kidole kimoja kutoka ukingo wa mbele wa muundi. Neiguan iko cun mbili juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, baina ya kano mbili. Mwaka 1027 tabibu Wang Weiyi alisimamia utengenezaji wa sanamu za shaba za binadamu zilizotobolewa mahali pa nukta, ili kusawazisha mafundisho na mitihani, na mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mahali sanifu pa nukta 361. Hata hivyo miili hutofautiana, na ateri nazo hutofautiana. Kuna watu ambao mshipa wao umepita upande wa mgongo wa mkono badala ya mahali pake pa kawaida. Wachina wana jina mahususi la hali hiyo, nayo si ugonjwa. Mwanafunzi asiyelijua hilo huandika kwamba mgonjwa hana mshipa, na kumtia hofu mtu mzima wa afya.

Swali la ushahidi siwezi kuliruka, kwa kuwa naipenda fani hii kiasi cha kutotaka isifiwe kwa uongo. Katika uchunguzi mkubwa wa Ujerumani kuhusu maumivu sugu ya mgongo, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha wagonjwa 1,162, waliopata nafuu kwa sindano za nukta za Kichina walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa juujuu mahali pasipo nukta asilimia 44.2, na waliopata tiba ya kawaida asilimia 27.4. Tarakimu hizo hunikalisha kitako kila ninapozisoma, kwa sababu zinasema kwamba sindano iliwafaa wagonjwa wale, lakini hazisemi kwamba kuchagua nukta kulileta tofauti yenye uzito. Kwa upande mwingine, Neiguan imechunguzwa mara nyingi kwa kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji, na matokeo yake yamekuwa miongoni mwa yale yanayotia moyo zaidi katika fani nzima. Kuhusu mshipa, tafiti zilizowapa matabibu kadhaa mgonjwa mmoja zimeonyesha mara kwa mara kwamba makubaliano yao ni madogo. Mimi huona hiyo ni sababu nyingine ya kuandika sifa zilizosikika, kama kina, nguvu na upana, badala ya kukimbilia jina moja lenye fahari. Pia ni sababu ya kutoutegemea mshipa kwa mambo usiyoweza kuyathibitisha: mpigo unaoruka ruka bila mpangilio, ukiambatana na maumivu ya kifua au kuzimia, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na hakuna nukta inayostahili kutangulia.

Nukta zenyewe nazo zina masharti yake. Hegu na Sanyinjiao huepukwa kwa wajawazito kwa mujibu wa mapokeo. Jianjing, juu ya bega, na nukta za kifuani na mgongoni juu ya mapafu hazichomwi kwa kina, kwani sindano inaweza kutoboa utando wa pafu na hewa ikaingia kifuani. Sindano ni ya kutumika mara moja na kutupwa.

Yule mgonjwa alipolala kitandani mara ya pili, nilichoma Taixi, nukta ya chanzo ya figo iliyo nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu, na Ququan, na Sanyinjiao, nikizisubiri kwa utulivu bila kuzisukasuka. Nikaweka Taichong upande mmoja tu, kwa wepesi, kwa sababu kichwa kilikuwa bado kikiuma. Baada ya dakika kumi nilirudi kwenye mkono wake. Tabia hii ya kurudi ndiyo ninayoithamini kuliko yote niliyofundishwa, kwa kuwa hapo mshipa hautabiri tena bali unajibu, na jibu linalinganishwa na kile nilichokigusa mimi mwenyewe, kwa vidole vilevile, muda mfupi uliopita. Guan ya kushoto ilikuwa imelegea kiasi. Chi ya kulia ilisikika kwa uzito wa kati, jambo ambalo halikuwepo alipolala. Chi ya kushoto ilikuwa bado tupu. Niliitoa ile Taichong, nikaacha zilizobaki kwa dakika kumi nyingine, na katika karatasi yake niliandika yale niliyoyasikia kabla na baada, nafasi kwa nafasi, nikaacha tupu mahali pa jina la mpigo.